Baba Mkubwa wa Killmonger

Mara ya kwanza niliiona Black Panther kwa Kiswahili. Ilikuwa Desemba 2018, nipo likizo Lulindi, kwenye kibanda cha video chenye benchi za mbao na jenereta linalonguruma nje. Sauti zote, za wanaume na za wanawake, zilikuwa za mtu mmoja: DJ anayetafsiri. Ulikuwa msimu ule wa korosho ambao Serikali ilitangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Watu walikuwa wanasubiri malipo, na anayesubiri malipo ana muda wa kuangalia muvi.

Kibandani kuna watu wa aina mbili tu, stelingi na adui. Stelingi hafi. Ndiyo maana T'Challa alipotupwa kwenye maporomoko hakuna aliyeshtuka, wazee wa kibanda walishaanza kuwaambia watoto, "Subirini, anarudi." Akarudi kweli. Killmonger alipokata roho akitazama jua linazama, watu wakapiga makofi.

Ndugu yangu aliyekaa pembeni yangu hakupiga. Ni mtoto wa baba mdogo, tumelingana umri. Tulipotoka nje akasema, "Yule si adui. Yule aliachwa."

Nilikuwa kidato cha sita na nilikuwa na majibu. Nikamwambia, huyo mtu amejichora mwilini alama kwa kila aliyemuua. Amempiga risasi mpaka mpenzi wake mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mimi sijasema hakuua. Nimesema aliachwa."

Miaka sita baadaye filamu hiyohiyo ilinikuta Dar es Salaam, kwenye semina ya shahada ya uzamili. Mada ilikuwa haki na nguvu, na mwenzetu mmoja akamleta Killmonger mezani pamoja na Frantz Fanon. Tulibishana saa nzima. Mwisho tukakubaliana kwa sentensi ambayo nadhani kila aliyeijadili filamu hii ameifikia: madai yake ni ya haki, njia zake ni mbaya. Na mimi niliiandika kwenye daftari.

Nilipokuwa kwenye daladala narudi hosteli, sentensi ile ikaanza kunikera. Ina nusu mbili, na tulikuwa tumeitumia nusu ya pili kuifuta ya kwanza. Njia zake zikiwa mbaya, yeye anahukumiwa, na anayedaiwa anakwenda zake. Lakini deni halifi kwa sababu mdai ni mtu mbaya. Mwenye duka akikudai elfu kumi, na ni mlevi anayempiga mkewe, bado unadaiwa elfu kumi.

Deni lenyewe ni lipi? Hapo ndipo nilipomkumbuka DJ wa kibandani. Kwa Kiingereza, mfalme T'Chaka, kwa Erik ambaye baadaye ndiye Killmonger, anaitwa kwa neno moja linalobeba kila mtu: mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, hata mume wa shangazi. DJ hakuwa na nafasi ya kujificha kwenye neno la namna hiyo. Kiswahili kilimlazimisha achague, na alichagua sawasawa: T'Chaka ni kaka wa N'Jobu, kwa hiyo kwa Erik ni baba mkubwa.

Ukishalisema neno hilo, hadithi inabadilika. Oakland, mwaka 1992, mfalme anamuua mdogo wake kwenye chumba cha ghorofani, chini uwanjani mtoto wa marehemu anacheza mpira wa kikapu, na mfalme anapanda chombo chake anaondoka. Kwa Kiingereza amemwacha mpwa. Kwa Kiswahili amemwacha mwanawe. Baba amekufa, baba mkubwa yupo, mtoto hana baba.

Nilimsimulia bibi hadithi hii likizo iliyofuata. Hakuuliza habari za vibranium wala za kiti cha ufalme. Aliuliza, "Na wajomba zake walikuwa wapi?"

Swali la bibi si la bahati. Huku kwetu, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa kina mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Filamu haituonyeshi mama wa Erik. Hatumwoni, na ndugu zake hatuwajui. Kwa bibi, huo ulikuwa ufa kwenye hadithi: mtoto hawezi kuachwa na mtu mmoja. Ili mtoto aachwe, lazima pande mbili zitazamane, kila mmoja amwachie mwenzake.

Hilo nalijua, kwa sababu ndivyo tulivyofanya nyumbani.

Baba mdogo alifariki tukiwa darasa la tano. Baba yangu akamchukua mwanawe, tukalala nyumba moja, tukala sahani moja. Mwaka 2013 tukaanza wote kidato cha kwanza. Ada mbili, michango mara mbili, sare mbili, na mikorosho ni ileile. Mwaka uliofuata mmoja wetu aliacha shule. Hakuna kikao kilichokaa. Baba alisema mtoto ana wajomba zake. Wajomba walisema mtoto ana baba yake mkubwa. Kila mmoja alisema kweli. Ada za sekondari zilipofutwa mwaka 2016, yeye alikuwa ameshazoea kupalilia mikorosho ya watu kwa kibarua, na mimi nilikuwa najiandaa na mtihani wa kidato cha nne.

Kwa hiyo ile jioni ya kibandani hatukuwa tunabishana kuhusu Wakanda. Yeye alijua. Mimi nilichukua miaka sita.

Sitaki kumweka baba yangu kwenye kiti cha T'Chaka, na sababu yake ni sehemu ya hoja. Wakanda ilijificha. Lakini kujificha kwenyewe si dhambi. Wazee wengi wa uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala, walipanda huko karne ya 19 wakikimbia wakamata watumwa na mashambulizi ya Wangoni. Walikubali kukaa vichakani mahali pasipo na maji, wanawake wakishuka na kupanda mteremko kwa ajili ya ndoo moja, mradi wasionekane. Hakuna anayewalaumu. Mnyonge akijificha anajiokoa. Mwenye nguvu akijificha anawaacha wengine. Wakanda ilikuwa na nguvu kuliko nchi zote, ikakaa kimya. Baba yangu alikuwa na ekari mbili za mikorosho. Hawalingani. Wanacholingana ni kimoja tu: wote wawili waliamua jambo la mtoto bila mtoto, kisha wakalinyamazia.

Nikiishika hoja hiyo ndipo naliona kosa la Killmonger vizuri zaidi kuliko tulivyoliona kwenye semina. Tulisema njia yake ni mbaya kwa sababu alitaka kuwapelekea wanyonge silaha. Mtu wa Masasi hawezi kusema hivyo kirahisi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vya kuikomboa Msumbiji vilianza Septemba 1964, na baadaye wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, jirani zetu kabisa, na watu waliokimbia vita walivuka Ruvuma kuja upande huu. Bibi anawakumbuka. Silaha zilipita katika ardhi yetu kwenda kwa ndugu zetu, na hakuna nyumba Lulindi inayowaita wale watu maadui. Kama kutuma bunduki ndiyo njia mbaya, basi tuanze kujihukumu sisi.

Tofauti ipo kwingine. Wale waliofunzwa Nachingwea walikuwa na chama chao, viongozi wao, na vita waliyoichagua wenyewe. Tanzania ilitoa mahali. Haikudai kuitawala Msumbiji. Killmonger, yeye, anakalia kiti, anachoma bustani ya mmea unaowapa wafalme nguvu ili asije mwingine baada yake, kisha anaamuru silaha zipelekwe kwa watu wa miji ya mbali ambao hajawauliza lolote, na anaota dola ya Wakanda inayotawala dunia. Anawafanyia wanyonge wa dunia kile alichofanyiwa yeye uwanjani Oakland: mtu mkubwa ameamua kutoka juu, wao wako chini, hawajui. Ameichukia Wakanda maisha yake yote, na alipoipata akawa baba mkubwa mwingine.

Na T'Challa? Mwishoni ananunua majengo palepale alipouawa N'Jobu, aweke kituo cha kusaidia watu. Kibandani tulilipenda jambo hilo. Siku hizi linanisumbua kidogo. Wazo la kwamba Wakanda ina wajibu nje ya mipaka yake Nakia alilisema mapema, kwa upole, na halikutosha. Ilibidi mtu aje na bunduki. Kisha mtu huyo akafa, na deni lake likalipwa kwa namna aliyoichagua mdaiwa.

Nayasema haya nikiwa na aibu yangu mkononi. Mwaka jana nilipata kazi ndogo ya kukusanya takwimu za utafiti, na pesa ya kwanza niliitenga kwa ajili ya ndugu yangu. Nikatafuta chuo cha ufundi, nikachagua fani ya umeme wa magari, nikachukua fomu, nikampigia simu kumpa habari njema. Akakaa kimya, nikadhani anafurahi.

"Dada," akasema, "hata fani umenichagulia?"

Nilikasirika. Nilijiona nimetoa na nimetukanwa. Siku mbili nzima nilimwita mtu asiye na shukrani, kimoyomoyo, na nikaona jinsi ilivyo rahisi: mtu aliyekuwa anadai alikuwa ameshaanza kuwa adui, na kosa lake lilikuwa kuniuliza swali.

Nilimpigia tena. Safari hii nikauliza anataka nini, nikanyamaza. Alisema habari za chuo tutazungumza baadaye. Kwanza anataka baba na wajomba wakae mahali pamoja, na mtu mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba mwaka 2014 waliamua. Hataki waseme ilitokea tu.

Nilipomfikishia baba ujumbe huo alisema, "Ana wajomba zake," kisha akasita, kama mtu aliyejisikia mwenyewe. Hakuongeza neno. Kesho yake asubuhi aliniuliza kama mjomba mkubwa bado anakaa kulekule Newala.

Kikao kimepangwa baada ya msimu wa korosho. Siku ameichagua yeye.