Amana Iliyoko Mlimani

Mwaka 1945 kilichapwa mjini London kitabu juu ya sheria za mila za Wahaya, kilichotungwa na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya Tanganyika katika utafiti wa mila, akishirikiana na mwenzake Hartnoll. Na yaliyomo ndani yake hayakuzuka vichwani mwa waandishi hao, bali yalitoka vinywani mwa wazee wa Buhaya, walioulizwa nani hurithi kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, nani aweza kukiweka rehani, na nani hana idhini ya kukiuza hata kama amekilima tangu ujana wake. Wazee wale wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na maneno yao yamebaki katika lugha ambayo wengi wao hawakuijua, juu ya rafu zilizo mbali na migomba yao.

Nilikutana na kitabu hicho nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika ile sehemu ya maktaba inayohifadhi maandishi ya Afrika ya Mashariki, ambako msomaji hajichagulii rafuni, bali huandika ombi lake katika karatasi ndogo, akangoja mezani mpaka aletewe, na akisoma husoma papo hapo, maana vitabu vya chumba kile haviazimwi. Kwa taadhima kubwa nilifungua kurasa zilizogeuka rangi ya manjano, nikakuta omusika, mainuka na kyagati, yaani mrithi mkuu na warithi wawili wanaomfuata, kama vile maneno hayo yanavyotamkwa kwetu Buganguzi, wilaya ya Muleba, wakati ukoo unapokaa baada ya matanga. Moyo wangu ulijaa furaha, na kisha ukajaa swali: ikiwa mambo haya ni yetu, mbona sikuyaona mpaka niliposafiri zaidi ya kilomita 1,300 kuyafuata?

Nisieleweke kwamba nailaumu maktaba ile, ambayo fadhila zake kwangu hazina hesabu. Ilianza pamoja na chuo chenyewe mwaka 1961, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, ikahamia Mlimani, kwenye kampasi kuu ya chuo, mwaka 1964, na tangu zamani sheria imeiamuru ipokee nakala ya kila kitabu kinachochapwa nchini. Humo zimo karatasi za Cory mwenyewe, na humo zimo hati za Kiswahili za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo J. W. T. Allen aliziorodhesha katika fahirisi iliyochapwa mwaka 1970. Na kama zisingekusanywa wakati ule, nyingi kati ya hizo zingekuwa chakula cha mchwa masandukuni. Mwaka 2018 likafunguliwa jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa China, lenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni jambo la kulishukuru.

Walakini jengo haliwezi kujibu peke yake swali la nani aliyeweka amana na nani mwenye haki ya kuitazama. Mathalani, Profesa Mulokozi, mwana wa Buhaya na bingwa wa fasihi ya Kiswahili, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986 juu ya tenzi za enanga, kile chombo cha ubao uliochongwa kama mtumbwi na kutandikwa uzi mmoja mrefu unaopita huku na huko, ambacho manju hukipiga huku akisimulia habari za watawala na mashujaa. Kazi ile imezitetea tenzi zetu mbele ya wataalamu waliodai kwamba Mwafrika hana utendi, na mimi siijui heshima kubwa kuliko hiyo. Lakini mtoto wa shule ya msingi kijijini kwetu, ambaye pengine babu yake alimsikia manju akipiga enanga arusini, hana mahali pa kuyaona maneno hayo yamepigwa chapa.

Lipo jambo zito zaidi, na hilo ni la ardhi. Mwaka 1988 bibi mmoja wa wilaya yetu ya Muleba, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, alipoona uzee unamwelemea na hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku ya pili yake jamaa wa ukoo akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikayarudisha. Na mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwamba mila ile inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke aweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomfunga mwanamume. Hukumu hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria hata nje ya mipaka ya nchi yetu. Je, husomwa Muleba?

Jirani yetu mmoja, mjane mwenye staha, aliambiwa na shemeji zake kwamba hata shamba alilopewa kwa wosia na baba yake mzazi hana neno juu yake. Nilikuwa nimekuja likizo na nakala ya hukumu niliyoitoa katika maktaba ya chuo, nikaketi naye barazani kwake, kahawa mbichi iliyoanikwa ikiwa mbele yetu juu ya jamvi, nikamfasiria Kiingereza cha jaji kwa Kiswahili, na palipohitaji, kwa Kihaya. Nilipofika penye uamuzi alinishika mkono. “Soma tena hapo, mwanangu.” Nikasoma. “Na huyo bibi alikuwa wa huku kwetu?” Nikamjibu, “Ndiyo, mama, wa Muleba hii hii.” Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwachie karatasi, ingawa hajui kusoma Kiingereza, akaikunja na kuiweka pamoja na hati ya wosia.

Wako watakaosema kwamba shida hiyo imekwisha, maadamu tasnifu za siku hizi huwekwa mtandaoni na hukumu kadhalika. Ni kweli, na ni hatua njema. Lakini mjane yule simu yake ni ya kupiga na kupokea, na hata angekuwa na nyingine, maneno angeyakuta katika lugha asiyoijua, yamepangwa kwa vichwa vya habari ambavyo hangejua kuvitafuta. Wengine wataogopa kwamba vitabu vitachanwa kurasa wageni wakiruhusiwa kuingia, na hofu hiyo naiheshimu. Basi na visomwe humo humo, kama nilivyosoma mimi.

Nasema haya sasa kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi katika mkoa wetu wa Kagera, huko Karabagaine, wilaya ya Bukoba, na bila shaka maktaba itakuwamo. Naomba waipangao wasiifanye tawi la kuwapatia wanafunzi vitabu vya mitihani tu. Na ziletwe nakala za karatasi za Cory zinazoihusu Buhaya. Ziletwe kazi za Mulokozi. Iletwe sheria ya mwaka 1965 iliyowafungulia wapangaji wa nyarubanja, yaani mashamba ya mabwana, njia ya kujikomboa, maana huku kwetu wapo bado wazee wanaoweza kukuonyesha kwa kidole mipaka ya mashamba yale. Kila mwanafunzi anayekuja kuwahoji wazee wetu na aandike kurasa chache za Kiswahili za aliyoyapata, ziwekwe ofisi ya kata. Mwanakijiji naye apewe kadi ya msomaji bila ada. Na mezani akae mtu ajuaye Kihaya, kwa kuwa wengi watakaofika hawatakuwa na jina la kitabu. Watakuwa na shauri la shamba, nao watalieleza kwa lugha waliyolelewa nayo.