Mwizi wa Nyumba ni Nani?

Hivi, jengo likiachwa tupu mjini, na mtu asiye na pa kulala akavunja kufuli akaingia, nani kakosa? Mtaani jibu ni moja: mvamizi ni mwizi. Mimi nasema tusiharakishe.

Tazama jengo la Usindiso, Johannesburg. Enzi za ubaguzi lilikuwa ofisi ya pasi, alikopimwa Mwafrika kama aruhusiwe kukaa mjini. Baadaye likawa kimbilio la wanawake na watoto. Kisha Jiji, ambalo ndilo mwenye mali, likaliacha. Watu wakaingia, wakagawa vyumba kwa mbao. Wajanja nao wakajifanya wenye nyumba, wakadai kodi. Tarehe 31 Agosti 2023 likaungua. Walikufa watu zaidi ya 70, Watanzania wakiwamo.

Eti dawa ni kuwafukuza wavamizi wote. Waende wapi? Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba Jiji liwape makazi ya muda wanaohamishwa wakabaki bila pa kukaa, hata wakitolewa katika jengo la mtu binafsi. Na mwaka 2024 tume ya uchunguzi ililitwika Jiji lawama ya Usindiso.

Simtetei anayetoza kodi nyumba isiyo yake. Huyo mnyonyaji tu. Lakini aliyeingia kutafuta paa hakumnyima mtu usingizi. Kumiliki si kushika hati, ni kutunza. Aliyeshika hati akaacha bomba likauke na mlango wa dharura ufungwe, je, ndugu msomaji, huyo tumwiteje?