Nani Mzima, Nani Mgonjwa wa Akili?

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Samweli 1:9-18; 1 Samweli 21:10-15; 1 Wafalme 19:1-21; 2 Wafalme 20:1-7; Marko 3:20, 21; Matendo 26:24, 25.

Kuhani Eli alimwona Hana akichezesha midomo bila kutoa sauti, akaamua kwamba mwanamke huyo amelewa. Akishi, mfalme wa Gathi, alimwona Daudi akikwaruza milango, mate yakimtoka ndevuni, akaamua kwamba ana wazimu. Festo alimsikia Paulo akieleza habari za ufufuo, akapaza sauti kwamba elimu nyingi imemharibu akili. Hata jamaa za Yesu walitoka kwenda kumkamata, wakidhani amerukwa na akili.

Wote hao walikosea. Hana alikuwa na uchungu moyoni. Daudi alikuwa akijifanya, ili aokoe maisha yake. Paulo alikuwa na akili timamu, na Yesu alikuwa akifanya kazi ya Baba yake. Kosa lao lilitoka mahali pamoja: walimwona mtu asiyefanana na wengine, wakamhukumu kwa hilo. Je, kutofanana na wengine ni ugonjwa?

Kawaida si Kipimo cha Afya

Katika kijiji ambacho karibu kila mtoto ana malaria, homa ni jambo la kawaida, lakini si afya. Kwa upande mwingine, watu wanaotumia mkono wa kushoto ni wachache, wala hakuna anayewapeleka hospitali. Hivyo basi, wingi wa watu hauwezi kuamua nani mzima.

Wenye nguvu nao si waamuzi salama. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Akaupa ugonjwa huo jina, drapetomania, na miongoni mwa tiba alizopendekeza ni viboko. Hamu ya kuwa huru iliitwa maradhi kwa sababu iliwasumbua mabwana.

Ugonjwa Upo

Hata hivyo, itakuwa kosa kusema kwamba ugonjwa wa akili ni jina tu wanalopewa watu wasiopendwa. Ubongo ni kiungo cha mwili, nao huweza kuugua. Mwenye skizofrenia anaweza kusikia sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia, na hofu anayoipata ni hofu ya kweli.

Mhudumu wa afya haulizi tu kama mtu ni tofauti na wenzake. Anauliza: Ni nini kimebadilika katika maisha yake? Ni kwa muda gani? Anateseka kiasi gani, na ni mambo gani hawezi tena kuyafanya? Kwa ugonjwa wa sonona, huangalia kama huzuni au kukosa hamu kumedumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, pamoja na dalili nyingine kama vile kukosa usingizi au chakula kutopita. Kulia msibani peke yake si ugonjwa. Israeli walimlilia Musa siku 30, wala hakuna aliyewakemea.

Chini ya Mretemu

Eliya alikuwa ameomba, na moto ukashuka. Akaomba tena, na mvua ikanyesha. Muda mfupi baadaye, akimkimbia Yezebeli, aliketi chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Maandiko hayataji jina la ugonjwa, wala msomaji hana haja ya kumtafutia. Jambo moja liko wazi: haiwezekani kusema kwamba Eliya alikata tamaa kwa sababu hakuwa mtu wa maombi.

Tazama jinsi Mungu alivyomtendea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Swali la kwamba anafanya nini hapa lilikuja baadaye, alipofika Horebu, na kisha akapewa Elisha awe pamoja naye. Chini ya mretemu hapakuwa na karipio.

Mshiriki anayeambiwa kwamba ugonjwa wake ni upungufu wa imani hubebeshwa mizigo miwili: ugonjwa na aibu. Anayeshauriwa kutupa dawa zake ili kuthibitisha imani anaweza kurudiwa na ugonjwa kwa nguvu zaidi. Hakuna anayemwambia mwenye kisukari aache insulini ili aonyeshe kwamba anamtumaini Mungu. Hezekia aliomba, Mungu akasikia, na bado mkate wa tini uliwekwa juu ya jipu lake. Vilevile si kila ugonjwa wa akili ni pepo. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi kwa jina lake.

Kati ya wote waliokosea, mmoja alirekebishwa palepale. Hana alijieleza, Eli akamsikiliza, akabadili neno lake, akambariki. Mgonjwa asiyeweza kujieleza anahitaji watu wanaomjua, wa kueleza kwa mganga yaliyobadilika. Na mtu anayesema kwamba anataka kufa asiachwe peke yake; akae na mtu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya Kujadili

1. Eli alikuwa kuhani, na bado alimhukumu Hana vibaya. Ni nini kilimsaidia kubadili mawazo? Darasa lenu linaweza kujifunza nini kwake?

2. Ni maneno gani yanayotumika kanisani kuwataja wagonjwa wa akili ambayo huwafanya wafiche ugonjwa wao? Yabadilishwe na maneno gani?

3. Mshiriki anawaambia kwamba ameacha dawa kwa sababu ameombewa. Mtamjibuje bila kudharau maombi na bila kuhatarisha maisha yake?