Utasoma Ukaajiriwe Wapi?

Mzee wa miaka sabini akitangaza mjini Machakos kwamba ameanza masomo, swali la kwanza analokutana nalo huja na kicheko: utasoma ukaajiriwe wapi? Huulizwa na wajukuu, na wauza mboga, na pengine hata na mzee wa kanisa aliyeketi naye benchi moja kwa miaka thelathini. Hawana nia mbaya. Tangu uhuru Kenya imewazoesha watu wake kwamba mtu husoma apate kazi, kwa hiyo anayerudi darasani akiwa na mvi anaonekana kama abiria anayekata tiketi ya basi lililokwisha kuondoka.

Ukiliondolea mzaha, swali hilo ni zito. Maarifa yasiyo na muda mrefu wa kutumika yana thamani gani? Na anayelikaribia kaburi, anajifunza kwa ajili ya nani?

Serikali ina jibu lake, nalo limeandikwa kwa lugha ya manufaa. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa mwaka 1966. Mwaka 1979 Rais Moi akaanzisha kampeni ya taifa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na idara maalumu ikaundwa kuisimamia. Ndipo madarasa ya ngumbaru, yaani ya kisomo cha watu wazima, yalipoenea vijijini. Mara nyingi hukutana alasiri, kazi za shamba zikiisha, ndani ya kanisa au kwenye shule ya msingi, na wanafunzi wenye maumivu ya magoti hujikunja kwenye madawati yaliyopimwa kwa kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Mwalimu huenda akawa na umri wa mjukuu wao. Huko Ukambani, ilipo Machakos, humwita mwanafunzi wake Susu, yaani nyanya, kwa heshima zote, halafu humtilia alama ya kosa daftarini kwa kalamu nyekundu.

Manufaa yenyewe ni ya kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima nchini walijua kusoma na kuandika, maana yake zaidi ya theluthi moja walikuwa bado wanategemea macho ya wengine. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, ikaja M-Pesa, na kutojua tarakimu kukawa na bei. Bibi aliyetumiwa pesa na mwanawe aliye Nairobi, anayemkabidhi kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri, ameweka mfuko wake wazi. Apende asipende, ana sababu ya kutosha kuketi kwenye lile dawati dogo.

Ila sababu za namna hii zina kasoro moja: hupungua nguvu kila mwaka. Mtu wa miaka hamsini na mitano akijifunza hesabu, faida itamfuata muda mrefu. Akiwa na miaka themanini faida inakuwa finyu. Akiwa na tisini, mhasibu yeyote mwaminifu angeshauri daftari lifungwe. Kama elimu ya wazee inasimama juu ya manufaa peke yake, basi wale wazee hasa wanaoipenda kuliko wote ndio wenye haki ndogo kabisa ya kuipata.

Kimani Ng'ang'a Maruge ndiye anayeliweka wazi jambo hili. Alijiandikisha katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwezi Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Alikuwa na miaka 84, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, na alikuja na sare kamili, kaptura na soksi ndefu. Guinness ikamtambua kuwa mtu mzee kuliko wote duniani kuanza shule ya msingi, na mwaka 2005 akapanda ndege kwenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza darasa la nane. Kwa hesabu ya ajira na vyeti hakuvuna kitu.

Lakini sababu alizozitaja mwenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza, alitaka kujua kuhesabu, maana alikuwa amesikia fununu za fidia kwa wapigania uhuru na hakutaka kupunjwa. Ya pili, alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, kwa kuwa alishuku kwamba mhubiri hasemi yote yaliyoandikwa. Magazeti yaliipenda ile ya kwanza. Ya pili ndiyo ya kushangaza zaidi. Mzee huyu hakuingia shuleni kumpendeza kasisi. Aliingia kumkagua.

Na kwa Machakos, sababu hiyo ya pili ni kongwe kuliko ajira. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Ukambani mwaka 1849, alipigisha chapa Injili ya Marko kwa Kikamba huko Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850, wakati ambapo karibu hakuna Mkamba aliyeweza kuisoma. Kitabu kilitangulia wasomaji. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika mwaka 1895 wakiongozwa na Peter Cameron Scott na kupiga kambi Nzaui, kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Scott mwenyewe hakumaliza hata miaka miwili. Alifia huko Desemba 1896, na jina lake limebaki kwenye chuo cha theolojia kilichofunguliwa Machakos mwaka 1962. Vyeo vya ukarani na mishahara vilikuja baadaye vikakalia kiti cha mbele. Wale wa kwanza walioshika kitabu wakiwa tayari watu wazima walikuwa wanatafuta neno, na hakuna aliyewaahidi kazi.

Hapo anaingia mtu ambaye Ukambani ilimtoa kwa ulimwengu. John Mbiti alizaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931, akasomea udaktari Cambridge, na mwaka 1969 akachapisha kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika ambacho bado kinafundishwa vyuoni. Hoja yake maarufu inahusu wakati. Alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una sehemu mbili, Sasa na Zamani, maneno aliyoyachukua kwenye Kiswahili, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Ushahidi wake mmoja ulitoka kwenye sarufi ya Kikamba: aliorodhesha nyakati tisa za vitenzi, na ile inayokwenda mbele kuliko zote, alisema, haivuki miezi kadhaa. Mtu hasafiri kwenda mbele. Anazeeka, anakufa, anakumbukwa kwa jina na waliomjua, kisha naye anazama kwenye Zamani.

Ikiwa hivyo ndivyo, mzee aliyeshika kalamu amegeuka njiani. Wenzake wanaelekea kwenye kundi la waliotangulia, ambao kazi yao ni kuulizwa, na yeye anauliza. Huenda kicheko cha wale majirani kinatoka huku kuliko kwenye suala la ajira. Mzee ni ghala, na ghala halitarajiwi kwenda sokoni kununua mahindi. Kumwona akisahihishwa na msichana wa miaka ishirini na mitano kunavuruga mpangilio ambao watu wanauhisi hata kama hawawezi kuueleza.

Si kila mtu alimkubali Mbiti. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga vikali, akitoa mifano ya Waakan wenye mawazo kamili juu ya wakati ujao. Na mtu akitaka kumpinga kwa ushahidi wa nyumbani hana haja ya kwenda Accra, maana vilima vya Machakos vinatosha. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika wilaya hii kama mfano wa ardhi iliyokufa kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kinyume chake: idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu mwanzo wa miaka hiyo, na udongo ulikuwa katika hali bora. Kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake, waliochimba matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro, unarusha udongo upande wa juu, halafu mvua za miaka zinasawazisha shamba kidogo kidogo. Anayeanza kazi hiyo akiwa na nywele nyeupe anajua wazi kwamba ngazi iliyokamilika italimwa na mwingine.

Hiyo inajibu swali la “kwa ajili ya nani”, lakini kwa nusu tu. Tuta hubaki mlimani. Maarifa ya kichwani hayabaki. Susu aliyeelewa jana kwa mara ya kwanza kwa nini mwezi hupatwa anaweza kuondoka nayo wiki ijayo bila kumwambia mtu. Je, hapo kuna kitu kilichofanyika?

Jibu kali kuliko yote lipo kwenye kisa cha Abu Rayhan al-Biruni, mwanafalaki na mwanahisabati aliyefariki Ghazni katikati ya karne ya 11. Mwandishi Yaqut anasimulia kwamba faqihi mmoja, yaani mtaalamu wa sheria ya Kiislamu, alikwenda kumjulia hali akiwa mahututi. Al-Biruni, pumzi zikimpaa, akamwuliza juu ya hesabu ya mirathi waliyowahi kuizungumza, ile ya fungu la bibi wa upande wa mama. Mgeni akastaajabu: katika hali hii? Mgonjwa akamwuliza kama si afadhali auage ulimwengu akiwa analijua jambo hilo kuliko kuondoka halijui. Wakalipitia hadi mwisho. Faqihi alikuwa hajafika mbali barabarani aliposikia kilio.

Mkristo wa Machakos anaweza kumjibu Al-Biruni kwa kitabu cha Mhubiri. Mhubiri anaonya kwamba kusoma sana huuchosha mwili, na kwamba huko kuzimu tunakokwenda hakuna shughuli wala shauri wala maarifa. Aya hiyo ya kuzimu husomwa sana penye majonzi, na wengi huisikia kama hukumu. Hata hivyo kwenye sura yenyewe inakuja baada ya agizo la kufanya kwa nguvu zote lolote ambalo mkono unalipata. Mhubiri anautaja upungufu wa muda kuwa sababu ya kufanya, pale pale ambapo wasomaji wake wanauona kuwa sababu ya kuacha.

Hapa ndipo swali la ajira linapofichua kosa lake. Hakuna anayemwuliza bibi anayeimba kwaya ya kina mama Jumapili: utaimba ukaajiriwe wapi? Hakuna anayemtaka mzee wa miaka tisini aeleze atakayoyapata kwa sala ya asubuhi. Watu wanaelewa kwamba yapo mambo ambayo hayafanyiki kwa ajili ya kesho. Kujifunza kwa mtu aliyekwisha kulea na kustaafu kuko upande huo, pamoja na kuimba na kusali, na kumekuwa kukipimwa kwa mizani ya upande wa pili.

Pwani wanalijua hili bila kulitungia nadharia. Katika misikiti ya Lamu na Mombasa, mwezi wa Ramadhani, wazee huketi darsani kusikiliza tafsiri ya Kurani, mwaka huu kama mwaka jana. Wengine wamekisikia kitabu hicho kikifafanuliwa tangu wakiwa vijana. Darsa halina mtihani wala cheti wala sherehe ya mahafali, na hakuna anayeona aibu kuwa msikilizaji akiwa na ndevu nyeupe. Ulaya walifika mahali karibu na hapo kwa njia ya kidunia. Mwaka 1973, huko Toulouse, Ufaransa, Pierre Vellas alianzisha chuo cha watu wa umri wa tatu, yaani waliostaafu. Waingereza walipouchukua mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliondoa wahadhiri, na wanachama wakaanza kufundishana wenyewe.

Kuna hatari katika hoja hii, na ni vyema isifichwe. Ukisema kusoma kwa wazee ni aina ya ibada, Hazina ya taifa itafurahi sana kuliachia kanisa gharama zote, na walimu wa ngumbaru wataendelea kulipwa kiduchu. Susu anayetaka kuilinda namba yake ya siri bado anastahili mwalimu wa serikali.

Lakini wapo wengine ambao mfumo hauwaoni kabisa. Kaunti ya Machakos imejaa walimu waliostaafu wakiwa na miaka 60, na wauguzi, na makarani wa zamani wa reli, watu waliokuwa wanasoma magazeti kabla wengi wa viongozi wa leo hawajazaliwa. Ngumbaru haiwafai kwa kuwa wanajua kusoma. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, kinawataka vijana wenye alama za mtihani. Kinachowabakia ni chama, kamati za mazishi, na mafunzo ya Biblia ambayo mara nyingi majibu yake yamekwisha kuchapishwa nyuma ya kijitabu. Makanisa hukaa matupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mchana. Viti vipo.

Hata somo la kwanza lipo. Mwaka 2014, akiwa na miaka themanini na ushei, Mbiti alitoa Agano Jipya kwa Kikamba, alilolitafsiri mwenyewe moja kwa moja kutoka Kigiriki kwa kuwa hakuridhika na tafsiri iliyokuwapo. Alifariki Uswisi mwaka 2019. Darasa la wazee Kathiani au Mwala lingeweza kuiweka tafsiri hiyo mezani kando ya ile ya 1956 na kubishana aya kwa aya. Lingeweza pia kuipima ile hoja yake ya nyakati tisa. Wanafalsafa wameijadili kwa zaidi ya nusu karne, na wengi wao hawajui neno moja la Kikamba. Wanaojua kama kweli lugha hiyo haina njia ya kusema mwaka wa kumi kutoka sasa wako Iveti na Masii, wameizungumza kwa miaka themanini, na hawajaulizwa.