Picha ya Paje



Mwaka jana, baada ya mauzo ya kahawa, mimi na wenzangu watatu tulikwenda Zanzibar. Kutoka kwetu Ruanda, Mbinga, ni safari ndefu ya basi hadi Dar es Salaam, kisha boti. Nyumbani waliniuliza kwa nini nihangaike wakati mchanga wa Mbamba Bay tunao hapo chini. Kiukweli nilitaka picha.

Siku ya kwanza tulisali Minara Miwili, yaani Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha tukaenda Mkunazini. Pale palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao hapo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni. Tulikuwa tunachekacheka, mmoja wetu anatupanga kwa ajili ya selfi. Ndipo mwongoza watalii akasema wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa na kuletwa kwa majahazi. Tukanyamaza wote.

Usiku nikajiuliza: mbona kicheko kiliisha pale tu tulipoambiwa ni wa kwetu? Dakika moja kabla walikuwa nani? Katekisimu tunaijua, kila mtu ni mfano wa Mungu. Lakini moyo una daftari lake, na asiyeandikwa humo anabaki mandhari tu.

Mngedhani nimejifunza. Kesho yake tuko Paje, maji yamekupwa, wanawake wameinama mbali kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Mwani ukikauka unauzwa nje, unaingia hata kwenye dawa za meno. Mama mmoja akapita na gunia kichwani, maji yanamchuruzika usoni, bahari ya kijani nyuma yake. Nikapiga.

“Mwanangu,” akasema bila kusimama, “wanipiga picha hata salamu hujanipa?”

Jamani! Ruanda huwezi kumpita mama mwenye mzigo wa kahawa bila kumwamkia na, kama una haya, kumpokea. Nikatoa shikamoo iliyochelewa. Akaitikia marahaba, akaenda zake.

Nilijitetea moyoni kwamba picha haimpunguzii mtu hata shilingi. Ni kweli, haipunguzi. Lakini soma Mwanzo sura ya 16. Abramu na Sarai wanapozungumza juu ya Hajiri, hawamtaji kwa jina hata mara moja. Kwao ni mjakazi tu, na hawakumpunguzia kitu kwa kumwita hivyo. Wa kwanza kumwita kwa jina ni malaika, tena anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Baada ya hapo ndipo Hajiri anasema Mungu amemwona. Mimi yule mama nilimtazama vizuri sana, mwanga na rangi nilivipima, ila swali sikumuuliza.

Sisemi tusiende ufukweni. Kupumzika ni halali, na nikipata nauli nitarudi.

Picha ile niliiweka WhatsApp usiku uleule. Ikasifiwa kuliko zote. Mjomba wangu peke yake ndiye aliyeandika: “Huyo mama ni nani?” Sikumjibu. Nimeifuta juzi tu.