Mpenda Mapango na Siku ya Mvua

Wahenga walituachia methali isemayo: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu tumezoea kuifundisha kwa maana ya juhudi na unyenyekevu, na maana hiyo ni sahihi. Lakini wako watu ambao kwao kuinama huko si mfano tu, bali ni kazi ya mwili. Hao ni wapenzi wa mapango, wanaotambaa chini ya ardhi kwa ajili ya kuona na kujua. Twapenda kuuliza swali moja juu yao. Mvua inyeshapo, nao wamekwisha kufunga mizigo lakini hawaingii, je, siku hiyo imepotea? Na kama haikupotea, upo wema gani katika kuacha kufanya jambo ulipendalo?

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini mvua huwazuia. Mapango mengi ya upande wetu, kama yale ya Amboni karibu na Tanga na yale ya milima ya Matumbi katika wilaya ya Kilwa, yamo katika mawe ya chokaa. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni angani na udongoni, yakawa na ukali mdogo mfano wa ndimu iliyozimuliwa kwa maji mengi. Ukali huo huyeyusha chokaa kidogo kidogo kwa maelfu na maelfu ya miaka. Kwa hiyo pango lilikuwa njia ya maji kabla ya kuwa njia ya mtu. Mvua kubwa inyeshapo, pengine mbali mlimani ambako aliyemo ndani haioni wala haisikii, mwenye njia hurejea njiani mwake.

Basi siku hiyo hufanya nini? Huzipitisha kamba mikononi pima kwa pima, wakitafuta palipochubuka. Husugua matope kwenye viatu na kuzitazama taa zao. Zaidi ya yote, huchora ramani. Ndani ya pango walipima kwa utepe, dira na kipimo cha mwinamo, wakaandika tarakimu katika daftari lililorowa. Lakini tarakimu hazijawa ramani mpaka mtu aketi mezani, azikokotoe na kuzichora. Katika miaka ya 1970 wachunguzi wa mapango wa Afrika Mashariki walilipima pango la Leviathan katika vilima vya Chyulu, nchini Kenya, lililoachwa na mto wa lava. Urefu wake wapita kilomita 11. Hakuna jicho liwezalo kuliona pango la namna hiyo kwa mtazamo mmoja. Huonekana zima katika karatasi tu. Hivyo mtu aliyeketi mezani siku ya mvua aweza kulijua pango kuliko alivyolijua alipokuwa tumboni mwake.

Lugha yetu yenyewe hutenganisha mambo haya. Kukaa bure si kungoja, na kungoja si kusubiri. Akaaye bure hana alitazamialo. Angojaye analo, lakini huenda moyo wake umekwisha kutangulia na kugombana na mawingu. Asubiriye ameizuia nafsi yake kwa hiari, na neno hilo tulilolipata kwa Waarabu lina maana hiyo ya kuzuia katika asili yake. Subira, basi, si upungufu wa tendo. Ni tendo ambalo mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja.

Atatokea wa kutupinga: mbona wako walioingia mapangoni pasipo kungoja, nasi twawasifu? Ni kweli. Yasimuliwa kwamba wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wa Matumbi walijificha katika pango la Nang'oma. Hao hawakuulizana habari za mawingu. Na kusini ya Ruvuma, katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchi ya Mute na Palma, mvua hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Mji wa Palma uliposhambuliwa mwezi Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia porini katika majira hayohayo. Nani angewaambia wasubiri anga litakate? Aliyesukumwa na dharura hana siku ya kuchagua. Lakini hapo ndipo hoja yetu inapopata nguvu: aliyesukumwa na mapenzi tu anayo. Kuahirisha ni neema ambayo mkimbizi hakupewa, na mwenye neema akiitupa amekosa adabu mbele ya yule aliyenyimwa.

Wala asiseme mtu kwamba maisha ni yake na hatari ni yake. Tarehe 23 Juni 2018 vijana 12 na mwalimu wao wa kandanda waliingia katika pango la Tham Luang, nchini Thailand. Kibao mlangoni kilionya juu ya mafuriko kuanzia Julai; mvua haikuisubiri kalenda. Hatuwataji ili kuwalaumu, maana walikuwa watoto, na mwalimu wao aliwatunza vema gizani. Wote 13 waliokolewa kati ya tarehe 8 na 10 Julai. Lakini tarehe 6 Julai mpiga mbizi Saman Kunan, aliyekwisha kustaafu jeshini, alifariki baada ya kupeleka mitungi ya hewa ndani ya pango lile. Yeye hakuwamo katika matembezi yale. Ndivyo ilivyo: anaponaswa mmoja, jirani mwema hawezi kukaa nje. Kila aingiaye huingia na mwokozi wake asiyemjua.

Kwa hiyo twaona kwamba siku ya mvua haikupotea. Siku hiyo kamba hukaguliwa, ramani huzaliwa, na uhai wa mtu asiyejulikana huhifadhiwa bila yeye kuwa na habari. Tuifundishapo tena methali ya mvunguni, tuwaongezee wanafunzi wetu neno moja: kuinama ni kwa namna mbili. Mtu huinama mbele ya mlango mwembamba ili apite, na huinama mbele ya mvua ili asipite. Namna ya pili haina mashahidi wala sifa, na kwa sababu hiyo ndiyo inayotupasa kuifundisha zaidi.