Chai Kwanza, Jina Baadaye

Somo: Mwanzo 18:1–15

Wiki hii wengi mmeniuliza, wengine hata kwa simu, kwa nini Jumapili iliyopita ile kadi ya wageni haikugawanywa mlangoni. Nitajibu. Lakini jibu lenyewe linaanzia kwenye hoteli moja kando ya barabara.

Ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, ukishapita Mau Summit unaanza kupanda kwenda Timboroa. Mnaoijua barabara hiyo mnaijua baridi yake. Viazi na kabichi vinauzwa kando ya lami, na malori ya kwenda Malaba yanapanda polepole yakiunguruma. Huko kuna hoteli ndogo ya mabati, ya familia moja. Baba ananawisha wageni mikono, mama yuko jikoni, binti yuko kaunta, na kijana wao wa mwisho anapasua kuni.

Mara ya kwanza kuingia pale nilikuwa na miaka miwili tangu nimalize chuo. Nilikuwa na shahada ya biashara na sina kazi. Nilikuwa natoka Eldoret kwenye intavyu, na hata kabla sijatoka kwa ile ofisi nilijua sijapata. Matatu yetu ikaharibika jioni, mvua inanyesha. Nauli nilikuwa nimeshalipa. Mfukoni zilibaki shilingi 30.

Niliingia ili nisinyeshewe. Kabla sijaagiza kitu, yule mzee akaja na jagi na beseni, maji ya vuguvugu. Nikaona aibu, maana maji ya kunawa ni ya mtu anayekula. Nikasema, "Mzee, mimi ni chai tu." Akanimwagia maji hata hivyo. Chai ikaja, na nyuma ya chai ikaja sahani ya githeri ya viazi, inatoa moshi. Nikamwambia mama, "Sikuagiza chakula." Akanijibu, "Kwani nimekuuliza?"

Nilikula. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi, mimi ni wa kabila gani, au nimeokoka. Nilipomaliza, mama akavuta kiti, akapangusa mikono kwa leso, akasema, "Haya sasa, mwanangu, unaitwa nani?" Wapendwa, siku hiyo nzima nilikuwa nimetaja jina langu mbele ya watu waliolisoma kwenye karatasi. Yeye ndiye wa kwanza kulitaka. Nililia kama mtoto.

Sasa fungua Mwanzo 18. Ibrahimu ni mzee wa miaka 99, ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali. Anainua macho, anaona watu watatu. Sisi wasomaji tumeshaambiwa ni nani aliyemtokea, lakini yeye anaona wasafiri tu. Angalia anachofanya. Anakimbia kuwalaki. Anatoa maji ya miguu. Anaahidi kipande kidogo cha mkate, halafu anaingia ndani na kumwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga laini. Hiyo ni zaidi ya kilo 10 za unga, kwa watu watatu! Anakimbia tena kwenye ng'ombe, anachagua ndama mwororo, mtumishi anamwandaa haraka. Nyumba nzima iko kazini. Halafu mzee anasimama karibu nao chini ya mti, kama mhudumu, wao wakila.

Sasa soma sura hiyo polepole utafute mahali Ibrahimu anapowauliza majina yao. Hapapo. Wageni ndio wanaoanza kuuliza, na wanauliza baada ya kula: Sara mkeo yuko wapi? Hapo ndipo ahadi ya mtoto inapotamkwa, na Sara akiwa mlangoni anacheka. Ahadi ilikuja ikawakuta watu ambao tayari mikono yao ina unga.

Nirudi kwa kadi. Mimi ndiye niliyeichora, na sitamlaumu mzee yeyote wa kanisa. Nilisomea biashara, nilifundishwa kwamba mteja usiyemwandika umempoteza. Kwa hiyo mgeni akifika tu mlangoni anapewa kadi: jina, namba ya simu, mtaa, kazi. Wakati wa matangazo anasimama, anataja jina, tunapiga makofi. Jumatatu anapata meseji. Boksi la kadi lilijaa. Viti havikujaa.

Mwezi uliopita, nikiwa steji, kijana mmoja akanisalimia, "Pasta, unanikumbuka?" Sikumkumbuka. Akasema, "Nilijaza kadi yenu. Nilisimama, mkanipigia makofi, mkatoka mkaenda kula. Mimi siku hiyo nilikuwa sijala tangu Ijumaa." Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Nilimwomba arudi. Akasema, "Nitaona." Nilimnunulia chakula, tukala pamoja, lakini hadi leo hajarudi. Mimi, niliyelishwa Timboroa bila kuulizwa jina, nilichukua jina la mtu mwenye njaa nikaliweka kwa boksi.

Wiki iliyofuata nilipanda gari nikarudi kwa ile hoteli. Mama amezeeka, lakini bado yuko jikoni. Nikamuuliza kama mtu wa hesabu, "Mama, hawa unaowapa bure unawaandika wapi?" Akacheka. Akanionyesha gorogoro. "Kila jioni tukishapima mahindi ya wateja, tunaongeza moja ya yule hatumjui. Ukingoja mgeni afike ndio upike, utaanza kumhesabu."

Nikamuuliza, "Na hawakudanganyi?" Akasema, "Wananidanganya. Wengine wanakula wanatoroka na wana pesa." "Na huumii?" "Naumia sana. Lakini nikifunga mlango kwa sababu ya mwongo mmoja, siku ile ningekufungia na wewe."

Sikudanganyi kwamba ukarimu umemtajirisha mama huyu. Mabati ni yale yale. Wala siwahubirii kwamba ukitoa sahani moja utarudishiwa kumi. Ibrahimu hakujua kwamba wageni wale wamebeba ahadi alipoita Sara akande unga. Ukarimu wenye hesabu ya faida ndani yake ni biashara, na biashara ni nzuri, lakini isiitwe jina hili.

Najua mtu anasema, "Pasta, watakuja wa kula tu." Ndiyo, watakuja. Katika Yohana 6 Yesu aliwalisha wanaume kama 5,000, na kesho yake akawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walishiba mikate. Kabla sura haijaisha, wengi walikuwa wamemwacha. Yeye aliyajua ya mioyo yao, na bado aliwaketisha kwenye nyasi akawalisha. Sisi tusijifanye waangalifu kumliko.

Kwa hiyo, wapendwa, tumekubaliana hivi na wazee wetu. Kwanza, kila Jumapili kutakuwa na chai na kitu cha kutafuna kabla ya ibada, kwa zamu za vikundi vya nyumbani. Pili, kila kikundi kiongeze kipimo kimoja cha mtu ambaye hakimjui, kiwekwe kabla hajafika. Tatu, hakuna mgeni atakayesimamishwa. Kadi ipo mezani. Anayetaka ataijaza akishakunywa chai. Nne, na hii ndiyo ngumu, Jumapili hii usitoke kwenda kula kabla hujaangalia nyuma yako ni nani anayetoka peke yake. Mpeleke kwako. Hata kama ni sukuma na ugali, sukuma na ugali ni chakula.

Na kama wewe unayesoma haya ndiye yule kijana, au uliwahi kuja kwetu ukaondoka na njaa ukiwa umepigiwa makofi, nisamehe. Njoo tena. Hatutakuuliza jina mpaka ushibe.

Tuombe. Bwana, ulituandalia meza kabla hatujakujua. Tufundishe kuweka kipimo cha yule tusiyemjua. Utusamehe majina tuliyoyafungia kwa boksi. Na yule aliyesema "nitaona", Bwana, aone kweli. Katika jina la Yesu. Amina.